Nimetaja mbinu zote za usasaleo, mbona nimepata 9 kwa 25?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa Mombasa, katika shule inayofuata mtaala wa kimataifa. Muhula huu tunasoma filamu ya Kijerumani, Lola rennt, ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Tom Tykwer. Swali letu ni kueleza jinsi mbinu za usasaleo, yaani postmodernism kwa Kiingereza, zilivyotumika humo.

Labda hujaiona, kwa hiyo nikueleze kidogo. Kijana aitwaye Manni amesahau mfuko wenye mark 100,000 kwenye treni mjini Berlin. Pesa si zake, ni za jambazi anayemfanyia kazi. Anampigia simu mpenzi wake, Lola. Wana dakika 20 tu kabla ya saa sita mchana. Lola anatoka mbio na mwishowe anapigwa risasi. Filamu inarudi pale pale kwenye simu, anatoka mbio tena, na safari hii Manni ndiye anayegongwa na gari la wagonjwa. Inarudi mara ya tatu, na wote wawili wanapona.

Nilijituma, Mwalimu. Nilitafuta mbinu za usasaleo moja baada ya nyingine: kuvunja mtiririko wa wakati, mwingilianomatini (kazi moja kurejelea nyingine), kuchanganya tanzu, mwigo, miisho mingi, kazi ya sanaa kujitaja yenyewe. Kila moja niliipatia mfano. Aya yangu moja ilikuwa hivi: "Filamu inatumia katuni Lola anaposhuka ngazi. Huku ni kuchanganya tanzu, na kuchanganya tanzu ni sifa ya usasaleo. Pia kuna skrini iliyogawanywa."

Nikapata 9 kwa 25. Pembeni mwalimu wetu ameandika: "Umeorodhesha, hujachambua." Na katika aya saba ameandika neno moja: "Kwa hiyo?" Natakiwa niandike upya, mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Baba haamini kwamba kutazama filamu ni masomo, basi huitazama sebuleni mchana yeye akiwa kazini, pamoja na mdogo wangu na bibi, ambaye hushona kofia huku mimi nikimtafsiria. Mdogo wangu alisema: "Ni gemu hiyo, akifa anaanza upya." Bibi naye akauliza: "Huyu mtoto, bastola amejifunzia wapi?" Nikamwambia, bibi, hiyo ni filamu tu.

Nifanye nini? Na je, ni lazima nimtaje Lyotard, yule mwanafalsafa wa Kifaransa?

Aliyekwama, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeiona filamu hiyo mara nyingi na nimeisomesha. Nikuambie mapema kwamba hukukosa bidii. Tena jibu la "Kwa hiyo?" ulikuwa nalo sebuleni, na aliyelitamka ni bibi yako. Ulimjibu haraka mno.

Rudi naye kwenye mbio ya kwanza. Manni ameshaingia dukani kuiba, Lola anamfuata ndani, anaishika bastola na hajui kuitumia. Manni anamwelekeza afungue komeo la usalama. Dakika chache baadaye Lola amelala barabarani, amekufa. Filamu inarudi nyuma. Katika mbio ya pili Lola yuko benki kwa baba yake, amempokonya mlinzi bastola, na safari hii analifungua komeo mwenyewe. Nani kamfundisha? Katika maisha haya mapya hakuna aliyemfundisha. Aliyefundishwa ni Lola aliyekufa.

Sasa chukua kauli ya mdogo wako. Ni kauli nzuri, na wanafunzi wengi huishia hapo: filamu ni kama gemu ya kompyuta. Lakini katika gemu anayekumbuka ni mchezaji aliyeshika vitufe. Yule kikaragosi kwenye kioo hakumbuki kitu, kila akifa huzaliwa mjinga. Hapa kikaragosi mwenyewe anakumbuka. Basi mchezaji ni nani? Ukiweka kauli ya mdogo wako kando ya swali la bibi yako, umepata mvutano, na uchambuzi huanzia kwenye mvutano. Insha yako ya kwanza haikuwa nao popote. Kila aya ilikubaliana na swali la mtihani na kuketi.

Fikiri mtu ameingia jikoni kwenu wakati wa futari, akatoka na kusema: nimeona kinu, nimeona mwiko, nimeona mbuzi ya nazi. Hajasema uongo. Lakini sisi tuliobaki nje bado hatujui kimepikwa nini, wala kwa nini nazi imekunwa leo na jana haikukunwa. Mwalimu wenu anapoandika "Kwa hiyo?" anauliza chakula.

Tuchukue aya yako ya katuni, maana ina utajiri kuliko ulivyodhani. Kamera inaingia kwenye televisheni ya mama yake Lola, na ndani ya televisheni tunamwona Lola wa kuchorwa akishuka ngazi. Kwenye ngazi kuna kijana mwenye mbwa. Mara ya kwanza Lola anapita mbio. Mara ya pili kijana anamtega, anaporomoka. Mara ya tatu anamruka mbwa. Hayo yote umeyaona. Je, umeona kwamba mara ya pili Lola wa nyama na damu anatoka mlangoni akichechemea? Wa katuni ndiye aliyeanguka, na mguu unaouma ni wa mtu.

Halafu fuata ule mguu. Kwa kuwa anachechemea, anachelewa kidogo kufika benki. Kwa kuwa amechelewa, baba yake na mpenzi wake wa siri wanapata nafasi ya kumaliza mazungumzo ambayo mara ya kwanza alikuja kuyakatiza, na mwanamke anafika kwenye neno zito: mimba aliyo nayo si ya mzee huyo. Baba anayemkuta mara ya pili ni mtu mwingine kabisa. Sekunde chache za mchoro zimebadilisha nyumba nzima. Ukiiandika hivyo, aya itakuwa na sura kama hii:

"Kila mbio inaamuliwa ndani ya katuni, mahali ambapo mtazamaji amezoea kuamini kwamba hakuna anayeumia. Tykwer anavunja mazoea hayo katika mbio ya pili: Lola wa kuchorwa anaanguka, na Lola halisi anachechemea. Mpaka kati ya mchezo na maisha unatoboka, na kupitia tundu hilo unapita ucheleweshaji wa sekunde chache unaobadilisha hatima ya watu wasiojua hata kwamba Lola alikuwapo kwenye ngazi."

Hiyo si aya yako kuinakili, utaandika yako. Angalia tu kwamba neno usasaleo halimo ndani yake hata mara moja, na bado aya inauchambua usasaleo. Ile skrini iliyogawanywa uliyoichomeka mwishoni iache. Au irudishe ukiwa na la kusema: iko pale Lola anapokaribia duka saa sita inapogonga, na tunawaona yeye, Manni na saa kwa pamoja, tukijua kabla yao kwamba amechelewa kidogo tu. Kama una la kusema juu ya uchungu huo wa kujua, sema. Kama huna, usiitaje.

Kuhusu neno lenyewe. Jean-François Lyotard aliandika mwaka 1979 kwamba usasaleo ni kutoyaamini tena masimulizi makuu, yaani zile hadithi kubwa zinazodai kueleza kila kitu: kwamba sayansi itatuokoa, kwamba historia inasonga mbele kuelekea ukombozi. Sentensi moja juu yake inatosha. Usimweke mwanzoni mwa insha kama mgeni rasmi. Mlete pale filamu inapomhitaji, nami nitakuonyesha mahali pamoja.

Mahali hapo ni mji wenyewe. Ukuta wa Berlin ulianguka mwaka 1989, na Ujerumani ikaungana mwaka 1990. Kwa miaka mingi mji huo mmoja uliishi chini ya masimulizi makuu mawili, kila upande na lake. Lola anakimbia humo miaka minane tu baada ya muungano, na filamu haiutaji ukuta hata kidogo. Lakini inampitisha chini ya matao ya daraja la Oberbaum, ambalo enzi za ukuta lilikuwa kivuko chenye ulinzi kati ya Mashariki na Magharibi. Wenyeji wa Berlin hugundua pia kwamba njia yake haiwezekani: anakata kona mtaa huu na kutokea mtaa wa mbali. Unaweza kusema huo ni ujanja wa mhariri tu. Mimi naona zaidi ya hapo. Ramani ya zamani, iliyokuwa ikiamua nani apite wapi, imepoteza amri yake juu ya miguu ya msichana huyu. Hapo Lyotard ana kazi ya kufanya.

Sasa nikuonye juu ya kosa ambalo pengine limekugharimu alama. Uliandika kwamba kazi ya sanaa kujitaja yenyewe ni dalili ya usasaleo. Hebu mkumbuke bibi yako usiku umeme ukikatika. "Paukwa!" Nanyi mnaitika, "Pakawa!" Mtambaji anatangaza kwamba hiki ni kisa kinachosimuliwa na kwamba nyinyi mmo ndani yake. Hakuna aliyemwita bibi yako mwanausasaleo. Kujitaja kuna umri mrefu, na swali ni kunafanya nini hapa.

Filamu hii nayo inaanza kwa paukwa ya namna yake. Sauti ya mzee inauliza maswali makubwa juu ya binadamu: sisi ni nani, tunatoka wapi. Sauti hiyo ni ya Hans Paetsch, ambaye kwa Wajerumani wengi ndiye msimulizi wa ngano waliyemsikiliza utotoni kwenye rekodi. Kwa hiyo mtazamaji wa kule anasikia sauti ya ngano, anatega sikio akingoja hekima. Anayejitokeza ni Schuster, mlinzi wa benki, ameshika mpira, na anatamka kwamba mpira ni mviringo na mchezo huchukua dakika 90, kisha anaupiga juu. Maswali makubwa yamejibiwa na kanuni za mpira wa miguu.

Kabla ya hapo, skrini ilikuwa imeonyesha nukuu mbili. Moja ni ya mshairi T. S. Eliot. Nyingine ni ya Sepp Herberger, kocha aliyeipa Ujerumani Magharibi Kombe la Dunia mwaka 1954 kwa kuifunga Hungaria 3-2 mjini Bern, inayosema kwamba baada ya mchezo ni kabla ya mchezo. Wanafunzi huandika, "filamu inachanganya sanaa ya juu na utamaduni wa mtaani," wakafunga aya. Nenda hatua moja mbele. Fikiri kitabu kinachofunguliwa kwa beti za Muyaka na chini yake kauli ya kocha, zote kwa herufi za ukubwa mmoja. Utagundua kwamba mshairi na kocha wanasema jambo moja: mwisho ndiyo mwanzo. Filamu haikumshusha mshairi, wala haikumpandisha kocha ili tushangae. Imekataa tu kuamua kwa niaba yako ni nani kati yao mwenye haki ya kusema kweli. Tena kauli zote mbili zinakupa ramani ya filamu nzima kabla Lola hajapokea simu.

Mahali pengine pa kukaa ni zile picha za haraka za wapita njia. Lola anampita mwanamke mwenye kigari cha mtoto, jina lake Doris, na maisha yake ya baadaye yanapita mbele yetu kama picha za albamu. Mara ya kwanza ananyang'anywa mtoto na anaiba wa mtu mwingine. Mara ya pili anashinda bahati nasibu. Mara ya tatu anageukia dini. Mwanamke huyo huyo, njia hiyo hiyo. Kwenye ngazi tuliona sababu: mtego, kuanguka, kuchelewa. Kwa Doris sababu haionekani. Kwa hiyo filamu inakufundisha sheria moja, kwamba jambo dogo huzaa kubwa, halafu inakunyima uhakika kwamba unaielewa sheria hiyo. Mimi ningeandika aya ndefu hapa kuliko popote.

Na sasa jambo ambalo litaitofautisha insha yako na za wenzako. Usiilazimishe filamu iwe ya usasaleo mwanzo hadi mwisho, kwa sababu haiko hivyo. Tazama ubora wa picha. Matukio yenye Lola au Manni yamepigwa kwa filamu ya milimita 35, picha ni kali na rangi zimekolea. Baba na mpenzi wake wanapokuwa peke yao, picha ni ya video, imefifia, kama imemwagiwa maji. Ni kana kwamba dunia inakuwa kweli pale tu wapenzi hawa wawili wapo. Halafu kasino katika mbio ya tatu: Lola anaweka dau kwenye nambari 20 nyeusi, anashinda, anarudia nambari ile ile, na gurudumu likizunguka anapiga ukelele unaovunja vioo. Anashinda tena. Hiyo si bahati. Filamu inatuonyesha nia ya mtu ikipinda gurudumu.

Nadharia uliyoisoma inasema hakuna tena simulizi kuu la kuaminika. Filamu inakubali kwa ganda lake lote: miisho mitatu, katuni, nukuu mbili, ngano inayogeuka mpira. Ndani ya ganda kuna simulizi kongwe kuliko yote, kwamba anayependa kwa dhati hatakubali kifo kiwe neno la mwisho. Hata kati ya mbio moja na nyingine tunawaona wawili hao kitandani katika mwanga mwekundu, wakiulizana juu ya mapenzi, kisha kifo kinakataliwa na filamu inarudi nyuma. Hata hivyo mwisho haukuachi utulie. Manni ameshaupata mfuko wake mwenyewe, kwa hiyo pesa za Lola hazihitajiki tena. Anamuuliza kuna nini kwenye mfuko, na Lola anatabasamu tu. Je, mapenzi yameshinda, au yamepewa zawadi isiyo na kazi? Chagua upande uutetee. Mtahini anayekuona unachagua husoma kwa jicho lingine.

Ukitaka kulinganisha, ipo filamu ya Kipolandi ya Krzysztof Kieślowski, Przypadek, iliyotengenezwa mwaka 1981 na kuzuiwa hadi 1987. Kijana anakimbilia treni, na maisha yake yanasimuliwa mara tatu kutegemea kama ameiwahi. Ilitangulia, kwa hiyo usiandike kwamba Tykwer ndiye wa kwanza kurudia kisa mara tatu. Lakini kule kila njia inampeleka kwenye msimamo wake mbele ya dola: ndani ya chama tawala, ndani ya upinzani, au nje ya vyote viwili. Kwa Lola dola imebaki askari wachache, na mmoja wao anafyatua risasi bila kukusudia. Tofauti hiyo ni sentensi mbili nzuri katika insha yako, zisizidi tatu.

Kazi yako hadi Ijumaa basi. Tazama mara moja bila kalamu. Kisha gawa karatasi safu tatu, safu moja kwa kila mbio, na uandike sekunde na dakika za mahali pale pale: ngazi, Doris, benki. Yanayofanana usiyahangaikie, piga mstari chini ya yaliyobadilika. Chagua matukio matatu, yasizidi manne, mengine uyaache yaende hata kama yanakuuma. Aya ya kwanza isianze na maana ya usasaleo. Anza na komeo la bastola.

Na kama lugha ya insha ni Kiingereza, rasimu ya kwanza iandike kwa Kiswahili. Nimewaona wengi wakijificha nyuma ya istilahi za kigeni wasizozimiliki, na wakilazimika kusema jambo lile lile kwa maneno ya nyumbani hugundua hapo hapo kwamba hawajalielewa, au kwamba walilielewa siku nyingi. Kiswahili chenyewe hakina ugeni na mambo haya. Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona na Mzingile miaka ya mwanzo ya 1990, na wahakiki wetu wamezijadili riwaya hizo kwa istilahi hizi hizi.

Baba yako usibishane naye. Mwombe akae dakika 81 tu, huo ndio urefu wa filamu, kisha muulize kwa nini mara ya pili msichana anachechemea.

Bibi yako mrudie leo. Mwambie ulikosea ulipomjibu kwamba hiyo ni filamu tu, na umuulize yeye anadhani Lola alijifunzia wapi. Jibu lake liandike kama atakavyolisema kabla hujagusa insha.